Doa la buluu chini ya bawa: uchambuzi wa tangi la ndege lililovuja baada ya kufaulu jaribio

Kisa kwa ufupi

Mjenzi mmoja wa kaskazini mwa Marekani alikuwa akijenga ndege ya bati la alumini, ya viti viwili, kwenye gereji ya nyumba yake. Tangi la mafuta la bawa la kushoto lilivuja kidogo kwenye jaribio la kwanza. Akaliziba kwa nje, likafaulu jaribio la pili, likafungwa kwenye bawa. Miezi kadhaa baadaye alipotia petroli kwa mara ya kwanza, likavuja tena, na safari hii pahali pengine. Jina, mji, tarehe na aina ya ndege vimeondolewa. Vipimo vilivyokuwa kwa inchi kwenye michoro tumeviweka kwa milimita na sentimita.

Waliokisikia kisa hiki wengi walisema papo hapo kwamba gundi ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inaeleza jinsi hilo lilivyojulikana.

Usuli

Sheria za Marekani zina kundi maalumu la ndege zinazojengwa na watu binafsi. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, hutaka zaidi ya nusu ya kazi ya ujenzi iwe imefanywa na watu wanaojenga kwa ajili ya elimu au burudani yao wenyewe. Kiwanda kinaruhusiwa kuuza seti yenye mabati yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, lakini kuunganisha, kupiga ribiti na kuziba ni juu ya mjenzi.

Kwenye ndege za namna hii tangi si chombo kinachotumbukizwa ndani ya bawa. Ni sehemu ya mbele ya bawa lenyewe. Bati la alumini 2024-T3 lenye unene wa mm 0.81 hukunjwa likazunguka mbavu saba: mbili za mwisho, moja kila upande, na tano za ndani. Nyuma hufungwa kwa bamba refu lenye kingo zilizokunjwa juu na chini, na bamba hilo ndilo linalotazamana na mhimili mkuu wa bawa. Tangi moja hubeba lita zipatazo 80. Ngozi ya bawa ndiyo ukuta wa tangi, kwa hiyo kila tundu la ribiti ni mahali ambapo petroli inaweza kutokea, na matundu hayo ni mamia.

Kinachozuia mafuta yasitoke ni silanti, yaani gundi nzito ya kuzibia, ya polisalfaidi, ya sehemu mbili: sehemu kuu nyeupe na kiamsho cheusi. Aina iliyotumika hapa huchanganywa gramu 10 za nyeupe kwa gramu 1 ya nyeusi, kwa mizani, kamwe si kwa macho. Imeandikwa B-2, maana yake ni nzito kiasi na inafanyika kazi kwa saa 2 kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likipanda nyuzi 10, muda huo hupungua takriban nusu. Likishuka nyuzi 10, hurefuka takriban maradufu. Herufi hiyo na tarakimu hiyo zimo kwenye kopo, na watu wengi huzisoma mara moja tu, siku ya kununua.

Kuziba mbavu ni kazi chafu lakini si ngumu. Tangi liko wazi nyuma, mkono unaingia, na kosa linaonekana. Unapaka silanti kati ya bati na ubavu, unapiga ribiti ikiwa bado mbichi, kisha unapitisha nyingine kwa ndani juu ya mshono na juu ya kila mkia wa ribiti. Shida ni bamba la nyuma. Likishaingia, mkono hauingii tena. Silanti huwekwa kwenye bati, mbele kidogo ya mstari wa matundu, ili bamba likisukumwa liibebe mbele yake na kujijengea mshono wa ndani. Kwenye pembe nne za tangi, pale bati, bamba na ubavu wa mwisho vinapokutana, hubaki kijitundu ambacho hakizibiki kwa kubana chuma na chuma. Pale huwekwa bonge la silanti kabla ya kufunga. Asiyeliweka vizuri hana nafasi nyingine.

Siku ya kufunga bamba

Tangi la kulia lilifungwa mwishoni mwa kiangazi, gereji ikiwa wazi, bila hita. La kushoto lilifungwa majira ya baridi, takriban miezi mitatu baadaye, kwa silanti ya makopo yale yale.

Mjenzi alianza kwa kusafisha. Alizima hita yake ya mafuta ya taa, akafungua mlango kidogo, akapangusa kingo zote kwa MEK, kiyeyushi kinachoshika moto upesi. Hapo hakukosea: mvuke wa MEK na moto havikai chumba kimoja. Gereji ikapoa hadi nyuzi 8 hivi. Alipomaliza, akaufunga mlango, akaiwasha hita tena, akasubiri joto lipande. Hita hiyo haikuwa na bomba la kutoa moshi nje, na ilikuwa sakafuni upande wa ncha ya bawa, kama mita moja kutoka mwisho wa tangi.

Joto la hewa lilipofika nyuzi 20 alichanganya gramu 200 kwa mkupuo mmoja, akaijaza kwenye mfuko wa plastiki uliokatwa pembe, akaanza kuipanga. Alianzia upande wa hita. Mabonge ya pembe aliyaweka mwanzo kabisa, kisha mstari wa chini, kisha wa juu, kisha migongo ya mbavu.

Bamba likakataa kuingia. Ubavu mmoja wa ndani ulikuwa umeinama kidogo nyuma, nao ulizuia ukingo wa chini. Bamba lilitolewa, ubavu ukanyooshwa kwa koleo, bamba likarudishwa. Lilipotoka lilikokota sehemu ya silanti, na mstari ukabaki na mapengo yenye nyuzinyuzi. Mjenzi alijaza mapengo aliyoyaona, ila mabonge ya pembe hakuyagusa, maana kwa macho yalikuwa mazima. Kufikia hapo silanti ya upande wa hita ilikuwa na zaidi ya saa moja tangu ichanganywe, tena karibu na chanzo cha joto.

Mengine yalikwenda kama ilivyopasa. Pini za kliko, za kushikilia mabati kwa muda, kila tundu la pili, ribiti za kichwa bapa AN426AD3 zilizochovywa kwenye silanti kabla ya kutiwa, kibanio badala ya nyundo ya hewa. Ribiti zenyewe zilikaguliwa baadaye na hazikuwa na kasoro: mkia wa kila moja ulikuwa na upana wa takriban mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti na kimo cha nusu yake, kama inavyotakiwa.

Jaribio la puto

Baada ya wiki moja ya kukauka, njia zote zilizibwa isipokuwa bomba la kupumulia. Kwenye bomba hilo alivalisha puto la watoto, akalijaza tangi hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka puto likasimama. Puto ni chaguo zuri kwa usalama, kwa sababu linavimba kabla tangi halijaumia. Anayechomeka kompresa moja kwa moja na apige hesabu kwanza: bamba la nyuma lenye urefu wa m 1.2 na kimo cha sm 20, kwa shinikizo la psi 1 (pauni 1 kwa inchi ya mraba) tu, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 170 hivi. Kompresa ya gereji hutoa psi 100.

Maji ya sabuni yalionyesha vipovu kwenye ribiti moja ya mstari wa chini, kama sm 30 kutoka ncha. Mjenzi alipangusa, akapaka silanti juu ya kichwa cha ribiti kwa nje, akasubiri siku tatu, akarudia. Jioni puto lilijazwa. Asubuhi bado lilikuwa limesimama. Akaandika kwenye daftari la ujenzi kwamba tangi limefaulu, akalifunga kwenye bawa.

Hakuandika joto. Yeye mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba jioni ile gereji ilikuwa ya baridi, na asubuhi aliwasha hita kabla hajaenda kuangalia puto. Tangi la lita 80 lenye hewa ya nyuzi 15 hupata nyongeza ya ujazo ya takriban lita 0.28 kwa kila nyuzi 1 inayopanda. Zikipanda nyuzi 5, lita 1.4 zinaingia kwenye puto bila mtu kupuliza. Puto la upana wa sm 20 zima lina lita 4 hivi. Tangi lingeweza kupoteza theluthi nzima ya hewa ya puto usiku na asubuhi likaonekana halina neno.

Doa

Petroli ya kwanza ilitiwa ili kupima geji, lita chache chache, kila hatua ikiandikwa. Ilipofika lita 20 aliacha hadi kesho yake. Asubuhi palikuwa na doa la buluu chini ya bawa. Petroli ya ndege ya 100LL hutiwa rangi ya buluu kiwandani. Yenyewe inakauka upesi, rangi inabaki. Doa lilikuwa na upana wa sarafu na lilizunguka ribiti ya pili kutoka ile iliyopakwa. Ile iliyopakwa ilikuwa kavu kabisa.

Hapo ndipo alipomwita mshauri wa ufundi wa EAA, chama cha wajenzi chenye makao yake Oshkosh, Wisconsin, ambacho kina wanachama wazoefu wanaokwenda kukagua kazi kwa kujitolea. Swali la kwanza la mshauri lilikuwa: umeona mafuta yanapotokea, je, yanaingilia wapi?

Njia zilizokuwa mezani

Ya kwanza ilikuwa kumimina dawa ya majimaji ndani ya tangi, kuligeuzageuza ili dawa ipake kila mahali, kisha kuimwaga. Miaka ya nyuma wengi walifanya hivyo. Utando wake ulikuja kubanduka vipande vipande na kuziba kichujio cha bomba la kunyonyea, na injini ikikosa mafuta angani haina habari kwamba tangi halivuji. Mtengenezaji wa seti alikuwa ameipiga marufuku. Njia hii ilikataliwa bila mjadala, na ndivyo ilivyostahili.

Ya pili ilikuwa kuvuta hewa ya tangi kidogo kwa mashine ya kufyonza vumbi na kudondoshea gundi nyepesi ya kupenya kwenye ribiti kwa nje. Kwa ribiti moja inayotoka jasho pembeni mwa mwili wake, dawa hii hufanya kazi. Mshauri hakuipenda kwa sababu ya historia: ribiti moja ilizibwa, ya jirani ikafunguka. Hiyo ni dalili kwamba nyuma ya ribiti zote mbili kuna mfereji mmoja ulio tupu kati ya bati na ukingo wa bamba. Ukiziba mlango wa pili, mafuta yatautafuta wa tatu.

Ya tatu ilikuwa kulishusha tangi, kukata tundu kwenye bamba na kuziba kwa ndani. Mjenzi aliiogopa, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwani tundu lile nalo ni mshono mpya unaoweza kuvuja.

Kabla ya kuchagua, walitafuta pa kuingilia. Tangi lilimwagwa, likapitishwa hewa kwa siku mbili mpaka harufu ikaisha. Kifuniko cha ukaguzi kwenye ubavu wa mwisho wa upande wa kiwiliwili kilifunguliwa, wakanyunyiza maji ya sabuni ndani kupitia matundu ya mbavu, wakaingiza kamera nyembamba ya waya. Kisha kwa nje wakabonyeza kipande cha mpira chenye tundu juu ya ribiti iliyovuja, wakapuliza hewa ya shinikizo dogo kurudi ndani. Mafundi wa matangi ya ndege kubwa hutumia mbinu hiyo hiyo. Vipovu havikuonekana nyuma ya ribiti ile. Vilionekana kwenye pembe ya chini ya ncha ya bawa, zaidi ya sm 30 kutoka pale petroli ilipotokea. Vilitoka pembeni mwa bonge la silanti lililoonekana nene na zima.

Hilo lilimaliza ubishi. Mjenzi aliwaandikia watengenezaji wa seti, wakamkubalia kwa maandishi tundu la upana wa mm 127 kwenye bamba, katika chumba cha mwisho kati ya mbavu, mbali na mistari ya ribiti. Jibu lao alilibandika kwenye daftari la ujenzi.

Kufungua na kuziba upya

Bahati nzuri bawa lilikuwa bado halijaungwa na kiwiliwili. Skrubu za juu na chini zilitolewa, kisha bolti za AN3 zinazoshika vipande vya Z nyuma ya bamba, tangi likatoka. Lilining'inizwa bamba likitazama chini, likakatwa kutokea chini kwenda juu kwa mkato wa duara wa mwendo mdogo. Kazi inachosha mabega, lakini vumbi la alumini huanguka sakafuni badala ya kuingia tangini, na alumini haivutwi na sumaku.

Bonge la pembe lilitolewa kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Chuma kikali hukwaruza tabaka la alumini safi linalolinda bati. Halikuhitaji kukwanguliwa. Lilipoinuliwa upande mmoja lilibanduka lote kwa pamoja, na chini yake kulikuwa na uso laini unaong'aa uliochukua kila mstari wa bati, pamoja na alama ya kidole iliyokuwa kwenye chuma. Bati lenyewe lilibaki jeupe. Kitambaa chenye MEK kilichopitishwa pale kilitoka na rangi ya kijivu yenye ukahawia.

Ukingo wa bamba ulikuwa na kasoro nyingine. Kwa kamera, silanti ya mstari wa chini ilionekana imefika mpaka sm 40 kutoka ncha. Kati ya hapo na ncha palikuwa na ukanda mwembamba usioendelea. Huo ndio uliokuwa mfereji.

Safari hii joto lilitoka kwenye hita ya umeme ya mafuta yaliyofungwa, iliyowashwa siku mbili kabla ili chuma chenyewe kifike nyuzi 20, siyo hewa tu. Aliyejaribu kupima bati kwa kipimajoto cha miale atakuwa ameona kwamba alumini inayong'aa hutoa namba za uongo. Bandika kipande cha tepu na upime tepu. Kisha kazi ilikwenda hivi:

1. Uso ulisuguliwa kwa pedi ya Scotch-Brite nyekundu iliyokoza mpaka mng'ao ukafifia.
2. Ulipanguswa kwa MEK kwa vitambaa viwili: kimoja kibichi, kingine kikavu kinachofuata mara moja kabla kiyeyushi hakijakauka chenyewe. Kikiachwa kikauke, uchafu kilioyeyusha unarudi pale pale. Zoezi lilirudiwa mpaka kitambaa kikavu kikabaki cheupe.
3. Ribiti mbili zilizohusika na kuvuja zilitolewa. Kichwa kilitobolewa kwa biti ya mm 2.5 kwa kina cha kichwa tu, kikavunjwa kwa pini, mwili ukasukumwa nje.
4. Zilichanganywa gramu 25 tu za silanti. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ilisukumwa kupitia tundu la kwanza mpaka ikachomoza kwenye la pili, kisha kupitia la pili mpaka ikaonekana ndani kwa kamera.
5. Ribiti mpya zilichovywa na kupigwa.
6. Kwenye pembe, kiasi kidogo kilisuguliwa kwenye chuma kwa brashi iliyokatwa fupi, mpaka rangi ya bati ikapotea. Ndipo bonge likafuata juu yake, likisambazwa angalau mm 6 kupita kila ukingo.

Tundu lilifunikwa kwa duara la bati la mm 165, silanti chini yake, na ribiti za upande mmoja zenye ncha iliyofungwa. Zile za kawaida zina tundu katikati na hazifai kwenye tangi.

Jaribio la mwisho

Puto liliachwa. Pahali pake paliwekwa manomita, yaani kipimashinikizo, ya mpira angavu uliopindwa herufi U, wenye maji ya rangi. Psi 1 ni maji ya sm 70. Walisimama kwenye sm 50. Kwa kipimo hiki nyuzi 1 ya joto husogeza maji kwa sm 3 hadi 4, na badiliko la hPa 1 (hektopaskali) kwenye shinikizo la hewa ya nje huyasogeza kwa sm 1. Bila kulijua hilo, mtu anaweza kulia bure au kufurahi bure.

Mshauri alitoa hila rahisi. Kando ya tangi waliweka debe la chuma la lita 20, lililozibwa barabara, lenye manomita yake na shinikizo lile lile. Joto likibadilika, shinikizo la hewa iliyofungiwa hubadilika kwa kiasi kilekile hata kama vyombo havilingani ukubwa. Baada ya saa 24 maji ya tangi yalikuwa yameshuka sm 6, na ya debe yalikuwa yameshuka sm 6 pia, tofauti ikiwa chini ya sm 1. Kilichoshuka kilikuwa joto la chumba.

Baadaye zilitiwa lita 40 za petroli, tangi likasimamishwa pembe ile ikiwa chini kabisa, mishono ikapakwa unga wa talki. Kwa siku tatu unga ulibaki mweupe.

Matokeo

Ndege ilimaliza saa zake 40 za majaribio ya kuruka bila doa kwenye mstari wa bamba. Kulizuka hofu mara moja, doa la buluu lilipoonekana juu ya bawa lile lile baada ya kujaza mafuta hadi juu; lilikuwa pete ya mpira ya kifuniko cha kujazia, iliyobadilishwa kwa dakika chache. Kifuniko cha tundu pamoja na silanti yake viliongeza uzito chini ya nusu kilo. Gharama kubwa ilikuwa muda, na hasa muda wa kuliondoa tangi lililokwisha fungwa kwenye bawa.

Uchambuzi

Dhana ya gundi iliyopitwa na wakati ilikuwa ya kwanza kutajwa, na ina mantiki kwa kuwa polisalfaidi ina umri mfupi koponi. Inaangushwa na tangi la kulia: makopo yale yale, mchanganyiko ule ule, mkono ule ule, na halijavuja. Tena bonge lenyewe lilikuwa limekauka vizuri na lenye unyumbufu. Silanti iliyochanganywa vibaya hubaki laini au yenye mistari ya rangi mbili.

Namna bonge lilivyobanduka ndiyo ushahidi mkubwa. Silanti iliyoshika, ukiivuta, hupasuka yenyewe kwa yenyewe, nyingine ikabaki kwenye chuma. Ikibanduka nzima na kuacha chuma kitupu, kasoro iko kwenye uso iliyopakwa juu yake. Uso ule ulisafishwa, lakini ulisafishwa *kabla* ya hita kuwashwa. Hita isiyo na bomba la moshi humwaga ndani ya chumba karibu lita 1 ya maji kwa kila lita ya mafuta ya taa inayoungua, pamoja na masizi na mafuta yasiyoungua. Hewa hupata joto kwa nusu saa. Bati lililolala usiku kucha kwenye nyuzi 8 bado ni la baridi, na mvuke huo unaligandia. Kitambaa cha kijivu kilionyesha kilichokuwa chini ya bonge. Alama ya kidole inaeleza kwamba uso uliguswa baada ya kupanguswa, labda bila glavu.

Mfereji ulikuwa na sababu yake tofauti. Bamba lilipotolewa lilibeba silanti, na iliyobaki karibu na hita ilikuwa imeanza kushikana, haikusukumika tena. Tunaona kasoro hizi mbili zilihitajiana. Pembe peke yake ingevujia mahali pamoja, palepale ilipo, na ingeonekana siku ya kwanza. Mfereji peke yake, bila pa kuingilia, usingevuja kabisa.

Kilichofanywa vizuri ni kukataa dawa ya kumimina, kutafuta pa kuingilia kabla ya kukata, na kuomba kibali cha maandishi kuhusu tundu. Kuhusu hili la mwisho baadhi ya wajenzi hubisha kwamba ndege ni yao na bamba si mhimili. Ni kweli si mhimili, lakini vipande vya Z vinavyolibeba tangi vimepigwa juu ya bamba hilo hilo, na aliyechora ndiye anayejua umbali salama.

Kilichoharibika zaidi ya vyote, kwa maoni yetu, ni ule ukaguzi wa puto, hata kuliko hita. Hita ilizalisha kasoro, jaribio ndilo lililoipitisha. Sabuni ilikuwa imekwisha sema ukweli, na ribiti ikapakwa kwa nje kana kwamba ndiyo chanzo. Laiti vipovu vingepulizwa kurudi ndani siku ile, tangi likiwa bado mezani, kazi ingekuwa ya siku chache.

Kuhusu bamba lililokataa kuingia: mazoezi makavu, bila silanti, yangeuonyesha ubavu ulioinama. Kulifunga bamba kwa kliko zote, kulitoa na kulirudisha mara mbili au tatu huchukua jioni moja. Na likikataa wakati silanti iko tayari, ni afadhali kuikwangua yote ingali mbichi, kupangusa na kuanza na mchanganyiko mpya, mabonge ya pembe yakiwekwa *mwisho*, dakika chache kabla ya kufunga.

Kwa anayefanya kazi kama hii Mombasa au Dar es Salaam hali ni kinyume. Hita haipo, bali kwenye nyuzi 32 ile B-2 ya saa 2 inabaki na saa 1 na robo hivi, na bonge kubwa ndani ya kikombe hujipa joto lenyewe na kwenda mbio zaidi. Changanya gramu 40 hadi 50 kwa mara moja, mimina kwenye sahani bapa badala ya kikombe kirefu, na uanze alfajiri. Jasho la kipaji likidondokea mshono, pangusa tena kwa MEK.